Mchezo Uliofufuliwa

Mwezi wa Juni mwaka wa 2016 ilitangazwa habari iliyopokewa kwa vigelegele na maelfu ya watu, nami nataka kuipinga mbele yako, msomaji. Habari yenyewe ilikuwa kwamba watazamaji wameshinda. Mchezo wa televisheni uitwao Nashville, uliokatwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi mmoja tu kabla ya hapo, ulikuwa umepata kituo kingine cha kuuonyesha. Wapenzi wake, ambao walikuwa wameandika barua, wakatia sahihi zao na kupaza sauti katika intaneti usiku na mchana, waliambiwa kuwa kilio chao ndicho kilichomtoa maiti kaburini. Mimi niliutazama mchezo huo tangu msimu wake wa kwanza hata wa mwisho. Niliposikia kuwa utarudi nilifurahi, wala sioni haya kwa furaha ile. Lakini kufurahi ni jambo moja na kushinda ni jambo jingine. Nasema kwamba watazamaji hawakushinda. Walipewa kitu walichokipenda, wakanyimwa kitu walichokuwa na haki nacho, na kelele za shangwe zikawafanya wasione tofauti ya vitu hivyo viwili.

Yamkini utauliza mwalimu ana shughuli gani na michezo ya televisheni, hali rafu za maktaba zimejaa vitabu visivyoguswa. Swali hilo nimeulizwa na watu wazima wenye heshima zao, nami huwajibu hivi. Kijana wa leo hukaa mbele ya kioo cha televisheni, au cha simu, saa nyingi kuliko zile anazokaa mbele ya kitabu chochote. Shuleni tunamfundisha kuhukumu riwaya: kama wahusika wake ni watu au ni vinyago, kama kisa kimefungwa kwa haki au kwa hila. Kisha tunamwachia aende nyumbani akameze hadithi za kiooni bila kutafuna. Ni kama kumfundisha mtu kuchagua mchele wa karamu, na kumwacha ale wa kila siku pamoja na mawe yake.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa huenda ulikuwa mdogo ulipoonyeshwa. Nashville ni mji mkuu wa jimbo la Tennessee, na ndio makao ya muziki uitwao kantri, muziki wa gita, fidla na banjo uliozaliwa katika mashamba na milima ya kusini ya Marekani. Mchezo ulianza tarehe 10 Oktoba mwaka wa 2012. Mtungaji wake ni Callie Khouri, mwanamke aliyeandika sinema ya Thelma & Louise na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Aliweka mbele yetu waimbaji wawili. Mmoja ni Rayna Jaymes, aliyeigizwa na Connie Britton, malkia wa muziki huo ambaye sasa sahani zake hazinunuliwi kama zamani. Wa pili ni Juliette Barnes, aliyeigizwa na Hayden Panettiere, binti aliyelelewa katika ufukara na mama aliyetawaliwa na madawa ya kulevya, akapanda juu kwa kasi kama moshi, asiye na adabu kwa yeyote kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na walisemalo wahenga juu ya mafahali ni kweli hata juu ya malkia. Kati yao alisimama Deacon Claybourne, mpiga gita aliyeacha ulevi na asiyeweza kuacha kumpenda Rayna, na nyuma yao walikuja vijana watungaji wa nyimbo wasio na fedha wala jina.

Kama hayo ndiyo yote, nisingekupotezea wakati. Visa vya wivu, mapenzi na urithi vimejaa katika televisheni kama kumbikumbi wakati wa mvua. Jambo lililoutenga mchezo huu na mingine lilikuwa nyimbo zake. Waandaji walizitafuta nyimbo nyingi kwa watungaji wenyewe wa mji ule, watu wanaoamka asubuhi kwenda kutunga kama fundi anavyokwenda karakanani, na ambao kazi zao huimbwa na watu wengine wenye majina makubwa. Kacey Musgraves alishiriki kutunga wimbo ulioimbwa katika msimu wa kwanza, kabla sahani yake kubwa ya kwanza haijatoka mwaka wa 2013 na kumpa sifa. Mji ule una mkahawa mdogo uitwao Bluebird Cafe, uliofunguliwa mwaka wa 1982, wenye nafasi ya watu tisini hivi. Watungaji huketi duara katikati ya chumba, wakipokezana, na wasikilizaji hunyamaza kimya kama watu walio msikitini au kanisani. Waandaji walijenga mfano wa chumba hicho kwa ajili ya kupigia picha. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa ya mchezo, binti mtumishi wa mezani na kijana mtengenezaji wa vyombo vya sauti wanaimba pamoja humo shairi alilolitunga binti yule, na kila mtu aliye chumbani anatambua kabla yao kwamba jambo kubwa limetokea. Atakayeitazama sehemu ile hatakosa kuelewa kwa nini watu walikuja kuupigania mchezo huu.

Wala usidhani kwamba muziki huu ni wa wageni tu, na kwamba Mkenya hana haki ya kuusemea. Muulize babu yako juu ya Jim Reeves, uone atakavyotabasamu. Nyimbo za Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams zimepigwa katika redio zetu miaka na miaka, zikaliliwa kwenye matanga na kuchezwa kwenye harusi, na Elvis Otieno, ambaye watu humwita Sir Elvis, amejenga kazi yake yote ya uimbaji juu ya muziki huo hapa hapa Kenya. Hata kabla ya hao, santuri za Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka wa 1933 na ambaye huitwa baba wa kantri, zilifika katika nchi ya Wakipsigis. Jina lake likageuka katika vinywa vya wasikilizaji likawa Chemirocha, na mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya huyo Chemirocha kwa kinanda chao cha nyuzi. Aidha, banjo yenyewe, ambayo wengi hudhani ni chombo cha wazungu wa milimani, asili yake ni vyombo vya nyuzi vya Afrika Magharibi, iliyopelekwa ng'ambo katika fikira na mikono ya watu waliotekwa utumwani. Basi tunaposema juu ya Nashville hatusemi juu ya nyumba ya jirani bila ruhusa. Sehemu ya mbao za nyumba ile ilitoka kwetu Waafrika.

Narudi kwenye hoja. Tarehe 12 Mei mwaka wa 2016 kituo cha ABC kilitangaza kuwa kimeukata mchezo baada ya misimu minne. Watazamaji walikuwa wamepungua, na mchezo wenye nyimbo ni ghali kuliko mchezo wa maneno matupu. Siku kumi na tatu baadaye ikaonyeshwa sehemu iliyodhaniwa kuwa ya mwisho. Katika sehemu hiyo Juliette yumo ndani ya ndege ndogo, amekwisha kuamua kutubu mabaya yake, na Avery, aliyekuwa mumewe, anamngoja. Kisha inakuja habari kwamba mawasiliano na ndege yamekatika. Hapo picha ikafungwa. Usiku mwema, wapenzi watazamaji.

Tafakari kitendo hiki, msomaji. Bibi anaposimulia hadithi jioni, kuna mapatano baina yake na wajukuu, ingawa hayakuandikwa popote. Yeye anasema “Hadithi, hadithi,” nao wanaitikia, na kwa kuitikia kwao wamempa masikio yao. Tangu hapo bibi ni mdaiwa. Hawezi kusimama pale ambapo zimwi limeinua mkono, akasema kuwa wajukuu wawili wamesinzia na kwa hiyo hadithi haina faida tena. Watu waliotoa saa zao kwa muda wa miaka minne walikuwa wanadai, na deni lao lilikuwa mwisho wa hadithi. Katika jambo hili nasimama upande wao kwa miguu yote miwili. Kituo kilichowaacha wakitazama ndege iliyopotea kiliwadhulumu.

Lakini deni lina kipimo chake. Mjukuu ana haki ya kusikia zimwi lilikufaje. Hana haki ya kumlazimisha bibi aendelee mpaka alfajiri, alete zimwi la pili, na la tatu, na shangazi wa zimwi, kwa kuwa tu mjukuu hataki kwenda kulala. Haki ya mtazamaji ni mwisho wa hadithi, si umri wake. Hapa ndipo wapenzi wa Nashville walipoteleza. Badala ya kudai mwisho, walidai miaka. Nao wenye mali, ambao masikio yao ni makali sana kwa sauti ya mtu anayetaka kununua, walisikia neno lile lile walilolitaka.

Mchezo wa televisheni si mali ya mtu mmoja. Huu ulikuwa wa ushirika wa kampuni tatu: tawi la ABC lenyewe, kampuni ya sinema ya Lionsgate, na kampuni ya Opry, ambayo ndiyo iliyo nyuma ya Grand Ole Opry, onyesho la redio lililoanza mwaka wa 1925 na ambalo ni kama Kaaba ya muziki wa kantri. Kila sehemu ilipoonyeshwa, nyimbo zake ziliuzwa. Waigizaji walisafiri wakiziimba mbele ya watu waliolipa viingilio, Marekani na Uingereza. Wageni walifika Nashville kutaka kuona mahali walipopaona kiooni, na jimbo pamoja na mji walikuwa wametoa fedha za umma kuusaidia mchezo usihamie kwingine. Sasa niambie, je, mti wenye matunda ya namna hiyo ungeachwa ukauke kwa sababu mkulima mmoja ameuchoka? Mkulima wa pili alikuwa CMT, kituo kidogo cha kulipiwa ambacho jina lake lote ni la muziki wa kantri, akishirikiana na Hulu, kampuni inayoonyesha michezo kwa njia ya intaneti. Hao walinunua sehemu ishirini na mbili. Sikatai kwamba kelele za wapenzi zilisaidia. Mnunuzi hupenda kusikia watu wakigombea bidhaa kabla hajafungua mfuko. Walakini mtu anayepiga kelele mlangoni mwa duka hawi mwenye duka, hata akiambiwa kila siku kuwa yeye ndiye mfalme.

Yapo matakwa ya haki katika kurudi kule, nami sitayaficha kwa kuwa yanapingana na hoja yangu. Mamia ya watu walipata kazi: waseremala, washonaji, wapiga picha, wapiga vyombo. Watungaji wa nyimbo, ambao nimekwisha kuwasifu, walipata mahali pa kuzipeleka nyimbo zilizokuwa zimelala katika makabati. Hizo ni sababu njema za kuendesha kiwanda, wala simdharau mtu anayetaka kula kwa jasho lake. Ila kama sababu ni hiyo, na isemwe hivyo. Tusiambiwe kuwa ni mapenzi yetu.

Mchezo ulirudi rasmi tarehe 5 Januari mwaka wa 2017, baada ya watu kuonjeshwa kidogo mwezi wa Desemba. Nilitazama nikiwa kama mtu anayemngoja ndugu kwenye kituo cha basi baada ya safari ya miaka, anayetaka kumwona upesi na anayeogopa kumwona. Na kwa muda, ndugu alikuwa mzuri kuliko alivyoondoka. Nasema kweli. Waongozaji wapya, Marshall Herskovitz na Ed Zwick, walipunguza mwendo. Msimu wa nne ulikuwa umejaa mikasa iliyorundikana kama mizigo juu ya matatu. Sasa watu walipewa nafasi ya kukaa, kunyamaza, na kusikiliza. Nyimbo zilirudishwa katikati ya chumba. Juliette alikuwa hai, ameumia miguu na roho, akikumbuka sauti ya mwanamke aliyemkuta katika mabaki ya ndege na kumwombea hadi msaada ukafika.

Mwanamke huyo, Hallie Jordan, aliigizwa na Rhiannon Giddens, na hapa nataka tusimame kidogo. Giddens si mwigizaji aliyefundishwa kushika banjo kwa ajili ya picha. Ni mwanamuziki mweusi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifanya kazi ya kuwakumbusha Wamarekani ni nani waliowaletea chombo hicho. Katika misimu minne ya kwanza watu weusi walikuwa wachache katika mchezo huu, ingawa hadithi yote ilikuwa juu ya mji uliowahi kumsikiliza DeFord Bailey. Bailey alikuwa mtu mweusi, bingwa wa kinanda cha mdomo, mmoja wa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, aliyeweza kuiga mlio wa garimoshi hata msikilizaji akaangalia kama reli imepita nyumbani kwake. Mwaka wa 1941 aliondolewa kazini. Akaishi kwa kung'arisha viatu vya watu katika mji ule ule, akafariki mwaka wa 1982, na jina lake likaingizwa katika nyumba ya heshima ya muziki wa kantri mwaka wa 2005, miaka ishirini na mitatu baada ya mauti yake. Basi nilipomwona Giddens akiimba katika mchezo uliofufuliwa nilisema moyoni kwamba hii ndiyo sababu ya kufufuka. Hadithi imerudi kulipa deni ambalo hata watazamaji hawakujua kulidai.

Haikulipa. Hallie aliletwa amwokoe Juliette, ampeleke kwenye kwaya, amfundishe unyenyekevu, kisha aonekane na kutoweka kwa kadiri nyota huyo alivyomhitaji. Tulipewa malaika, na malaika hana kodi ya nyumba, hana wivu, hana mtu aliyemwacha, hana sahani anayotaka kuitoa usiku na mchana. Rayna alipewa baba mwenye hila, dada, waume wawili na madeni. Hallie alipewa sauti nzuri. Kama ungetaka kujua iwapo mchezo ulirudi na jambo jipya la kusema, au ulirudi tu kwa kuwa ulikuwa na wanunuzi, mtazame Hallie na uhesabu ni mara ngapi hadithi inamfuata hadi nyumbani kwake.

Sasa nafika mahali pagumu, nami najua kwamba wengi waliokuwa upande wangu hadi hapa wataniacha. Tarehe 23 Februari mwaka huo huo Rayna Jaymes alifariki. Gari la polisi lililokuwa likimchukua mahali pa salama, baada ya mwendawazimu kumwingilia ofisini, liligongwa, na katika sehemu iliyofuata, ambayo ilikuwa ya tisa tangu mchezo urejee, alifia hospitalini mabinti zake wakimwimbia. Connie Britton mwenyewe ndiye aliyekuwa ameamua kuondoka. Wapenzi walewale walioshangilia mwezi wa Juni walilia mwezi wa Februari, na wengine waliapa kutotazama tena. Walisema wamesalitiwa: waliupigania mchezo urudi, nao umerudi ili umwue yule waliyempigania.

Mimi nasema kinyume. Kifo kile ndicho kitendo cha kweli kuliko vyote katika misimu miwili ya mwisho. Kiliigizwa kwa upole, bila hotuba ndefu, na kilimjia mtu katikati ya mipango yake kama vifo vinavyotujia sisi. Mtu aliyetaka mchezo uishi milele, lakini asife ndani yake yeyote anayempenda, hakutaka mchezo. Alitaka picha ya ukutani. Tena kifo kile kilikuwa mwisho uliostahili. Hadithi ilianza na Rayna akipigania nafasi yake. Ilikuwa ni haki ifungwe kwa kaburi lake na kwa Deacon akibaki na watoto wawili na gita. Laiti wangeongeza sehemu mbili au tatu za matanga, wakatuacha twende zetu! Tungesema kuwa mchezo ulifufuliwa ili ufe vizuri, na jambo hilo lingekuwa la heshima kubwa, ambalo mimi sijaliona mara nyingi katika televisheni ya nchi yoyote.

Lakini sehemu ishirini na mbili zilikuwa zimekwisha kununuliwa, na baada yake zikanunuliwa kumi na sita zaidi. Vituo havinunui kwa kipimo cha hadithi. Vinanunua kwa kipimo cha ratiba. Basi mjane hakuachiwa kuomboleza akamaliza, ila alitafutiwa mchumba. Juliette, ambaye alikwisha kutubu mara mbili, alihitaji dhambi mpya, na katika msimu wa sita akatumbukizwa katika kundi la mwalimu wa uongo anayeahidi kuponya nafsi za watu, akafikishwa mpaka Bolivia. Panettiere alionekana kwa uchache, na Juliette aliyekuwa moto wa hadithi akageuka kuwa habari inayoletwa na watu wengine. Waimbaji vijana waliungana, wakatengana, wakaungana. Nyimbo peke yake hazikuchoka. Ilitokea mara kadhaa nikawa nimekata tamaa na mazungumzo yao, kisha mmoja wao akachukua gita, na nikajikuta nimesogeza kiti karibu. Hapo ndipo fadhaa yangu ilipokuwa: laiti mchezo ungekuwa mbovu wote, ningeuacha bila kusita.

Wako watakaoniambia kwamba nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili, na kwamba sehemu thelathini na nane zenye nyimbo njema na visa vyembamba ni bora kuliko ndege iliyopotea milele. Hoja hiyo ina nguvu ya kweli, lakini inasimama juu ya dhana kwamba njia zilikuwa mbili tu: kufa katikati ya sentensi, au kuishi mpaka mnunuzi achoke. Nani aliyezifunga njia nyingine? Riwaya hufungwa na mwandishi wake. Utenzi hufungwa na mtunzi, naye hutia tarehe na jina lake katika beti za mwisho ili ijulikane kuwa amemaliza kwa hiari. Kwa nini tukubali kwamba hadithi za televisheni peke yake ndizo zifungwe na mhasibu? Nanyi mlio vijana ndio mtakaoulizwa swali hili mara nyingi kuliko mimi, kwa kuwa kila mwaka sasa mchezo fulani wa zamani hufufuliwa, na kila mara mtaombwa mtie sahihi, msambaze tangazo, mpige kelele. Sauti zenu ni bidhaa. Angalieni mnaziuza kwa bei gani, na mnadai nini.

Nimetaja wasichana wa Kikipsigis waliorekodiwa mwaka wa 1950. Nyimbo zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey mwenyewe. Mwaka wa 2014 watunzaji wa maktaba hiyo, pamoja na watu wa muziki wa hapa Kenya, walizirudisha kwa wenyewe, wakawapelekea wazee na jamaa zao vijijini ili wasikie tena sauti zilizoondoka miaka sitini na minne kabla yake. Hakuna aliyeongeza ubeti. Hakuna aliyedai kwamba wasichana wale, ambao ama wamezeeka ama wamekufa, waimbe msimu mwingine. Najua kwamba wimbo wa dakika chache si sawa na mchezo wa sehemu mia moja ishirini na nne, na gharama zake hazilingani. Lakini natamani watazamaji wangekuwa na picha ya kurudi kwa namna hiyo katika fikira zao siku ile waliposhangilia: kitu kinarudi kwa watu wake kikiwa kizima, kwa kipimo chake chenyewe.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 26 Julai mwaka wa 2018. Waigizaji walikusanyika jukwaani wakaimba pamoja, hata Connie Britton akiwamo, kwa kuwa nyimbo haziulizi nani amekufa katika hadithi. Niliitazama yote, nami nilipenda kila dakika ya uimbaji ule. Hata hivyo, karatasi ya sahihi ya mwaka wa 2016 ingeletwa leo mezani pangu, ningeisoma kwanza, nikafuta mahali palipoandikwa msimu, nikaandika badala yake sehemu kumi na mbili: tisa kama zilivyokuwa, na tatu za matanga, moja katika hizo iwe ya Hallie Jordan, nyumbani kwake, na banjo yake.